Bingwa wa Kubana Mafuta

Nasra alijua pikipiki ya mumewe imezimika kabla hajainua kichwa kwenye karai la bajia. Mlio ulipanda mwinuko, ukakohoa, ukakata. Halafu vijana wa kijiweni wakaangua kicheko. Kwa mtu aliyeishi Tongoni kando ya barabara ile, hiyo ilikuwa taarifa kamili.

Mwinuko wenyewe, tuseme ukweli, haukustahili hata jina hilo. Ni kijilima tu cha kutoka kwenye kalavati kwenda mashamba ya mkonge. Mtoto mwenye baiskeli huupanda huku anamenya muwa kwa meno. Lakini tangu Uweso aanze kuzimikiwa palepale, watu walikuwa wameshaubatiza jina: Shukashuka. Abiria wake, awe mzima awe mgonjwa, pale lazima ashuke.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mwalimu Praxeda wa shule ya msingi. Alishuka na kikapu chake cha madaftari, akajipangusa vumbi, akatazama pindo la gauni.

"Uweso, baba," alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "mimi nimelipa kupanda pikipiki. Kuisukuma sikulipa. Na tazama, injini yako imenibabua gauni. Gauni la Pasaka hili."

"Birika limechemka!" akapaza sauti Zubeiri, dereva mwenzake Uweso, mtu mwenye mdomo kushinda honi. "Leteni majani ya chai na tangawizi, wazee wanywe!"

Kijiwe kizima kikacheka. Hata yule mwalimu akajikuta anabana midomo asicheke. Uweso alimrudishia mwalimu nauli yake, akaigeuza pikipiki, akaiteremsha kwa miguu mpaka nyumbani. Nasra alimtazama anavyokuja, kichwa chini, shati limemganda mgongoni, na moyo ukamuuma. Mume ni mume. Unaweza kumcheka wewe ndani kwako mpaka ukachoka, lakini wakimcheka wa nje huwa ni wewe uliyechekwa.

Uani, mama mkwe wake, Bi Sabiha, alikuwa ameshatoka na chetezo. Alisikia kile kicheko, akatia ubani kwenye makaa bila kuuliza, akaanza kuizunguka pikipiki huku midomo inasoma. Injini ilikuwa inalialia tik, tik, tik, kwa moto.

"Kijicho hiki," alisema Bi Sabiha. "Tangu wakubebe mabegani kule kijiweni wakakuita bingwa, macho ya watu yamekuingia, mwanangu. Mimi niliyaona siku ileile."

"Mama, tafadhali sogeza hicho chetezo," Nasra alisema. "Humo mna petroli. Ikilipuka tutaizima na nini, na bajia?"

Bi Sabiha alisogea hatua moja, kwa ajili ya heshima tu, akaendelea kufukiza kwa mbali. Uweso alikaa kwenye kizingiti, akavua kofia ngumu, akaiweka kati ya miguu yake.

"Nimemwita Marwan," alisema.

Nasra aliacha karai. Marwan alikuwa mfanyabiashara wa mjini, wa zile koo ambazo babu zao walitoka Omani, na kazi yake moja ilikuwa kununua pikipiki zilizoshindikana. Alizifungua, akauza injini huku, tairi kule, taa kwingine. Pikipiki ikishaingia uani kwa Marwan haitoki nzima.

"Umemwita aje kufanya nini?"

"Kuichukua. Ijumaa, baada ya sala. Usinitazame hivyo, Mama Maha. Oili nimebadilisha. Ringi za pistoni nimebadilisha. Fundi sasa anataka ninunue silinda nzima, na silinda sina. Unataka niisukume mpaka lini?"

Alipomwita Mama Maha, kwa jina la binti yao mdogo, maana yake alikuwa anaomba yaishe. Lakini Nasra hakuwa tayari yaishe. Mwaka uliopita alikuwa amevua bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na marehemu mama yake, akazifunga kwenye leso, akampa mumewe bila kuombwa. Pikipiki ile ilitoka mle. Alishazoea mkono wake kuwa mwepesi, alishajifunza kuuficha kwenye mtandio akienda harusini, ambako wenzake hupiga vigelegele huku wanatikisa viganja ili dhahabu iseme. Yote hayo aliyavumilia kwa sababu kila asubuhi alisikia mlio ukitoka uani, na mlio ule ulikuwa ndio bangili zake. Sasa ziende zikafunguliwe skrubu moja moja kwa Marwan?

"Leo Jumatano," alisema.

"Leo Jumatano. Kwani nini?"

"Basi, nimeuliza tu," alisema Nasra, akarudi kwenye karai.

*

Uweso alipokwenda msikitini kusali alasiri, Nasra alipiga simu Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya, kwa mjomba wake Yasini. Yasini ndiye aliyemlea. Alikuwa mkulima wa mchicha, na kwa miaka mingi alimwagilia bustani kwa pampu ya petroli yenye hasira, na Nasra alipokuwa binti ndiye aliyekuwa anaishikia spana. Mtandao wa Moa ni wa kubahatisha. Mara husikii kitu, mara unasikia Kenya nzima.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, mama! Hujambo? Mbona unapiga kelele?"

Nasra akaeleza: pikipiki inachemka, inazimika ikipanda, ikishazimika haiwaki mpaka ipoe, na mama mkwe anasema ni kijicho. Mjomba alisikiliza, akaguna.

"Fungua plagi," alisema. "Uniambie rangi."

Injini ilikuwa imepoa. Nasra alizima jiko lake la mafuta ya taa kwanza, akalisogeza mpaka ukutani, akachukua spana chini ya kiti. Bi Sabiha alimtazama anavyofungua, akashika kifua.

"Nasra! Mwenyewe anajua?"

"Atajua, mama."

Plagi, kile kidude cha kutoa cheche, ilitoka. Nasra aliigeuza kwenye mwanga. Ile ncha yake ilikuwa nyeupe, kavu, kama iliyopakwa chokaa.

"Nyeupe, mjomba. Nyeupe pepe."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo haina kijicho wala haina nini. Inakufa njaa! Injini inachoma petroli iliyochanganyika na hewa. Hewa ikizidi, petroli ikawa chache, moto unakuwa mkali kupita kiasi. Ukiona plagi nyeusi ina masizi, imeshiba ikavimbiwa. Ukiona nyeupe, imefunga swaumu bila kufuturu. Unajua inatakiwa iwe rangi gani? Kashata. Kashata ya karanga iliyoiva vizuri. Umenisikia?"

"Kashata, nimesikia."

"Sasa niambie. Nani ameibana mafuta?"

Simu ikakatika. Lakini kwa swali lile Nasra hakuhitaji kupigiwa tena. Alikaa chini pale pale uani, plagi mkononi, akasema peke yake, "Lahaula!"

Kwa maana jibu lilijulikana na Tongoni nzima. Petroli ilipopanda bei, vijana wa kijiweni walianza mchezo. Kila mmoja aliminya kwa bisibisi skrubu ya kabureta yake, pale petroli inapochanganyika na hewa, akaibana mafuta kadiri alivyoweza, kisha kila mmoja akatiwa petroli ya kujaa chupa moja ya maji ya kunywa, waone nani atafika mbali zaidi kwenye barabara ya Pangani. Wengine walizimikiwa njiani. Zubeiri alifika karibu na Kigombe, akarudi amebebwa kwenye lori la nazi. Uweso alifika Kigombe, akageuza, akarudi mpaka kijiweni anapiga honi, na alipotikisa tangi likasikika bado lina kitu. Ndiyo siku waliyombeba mabegani. Bingwa wa Kubana! Nasra mwenyewe alipiga kigelegele siku ile, Mungu amsamehe.

*

Uweso alirudi akakuta plagi ya pikipiki yake imelala juu ya sinia, kando ya bajia. Alisimama.

"Nani amefungua?"

"Mimi."

"Wewe."

"Mimi. Itazame rangi yake, Baba Maha. Pikipiki haina ugonjwa. Ina njaa. Ulivyoibana siku ya mashindano, hukuifungua tena."

"Sikuifungua kwa sababu sikutaka kuifungua!" Uweso alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Hujui biashara ya barabarani wewe. Nikiifungua itakunywa. Itakunywa yote ninayopata."

"Na inywe, lakini itembee. Siku hizi inalala hapa uani haijanywa hata tone. Mbona hatujatajirika?"

Bi Sabiha akacheka ghafla, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Uweso alimtazama mama yake kama mtu aliyesalitiwa. Halafu akatazama sinia. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, bali mtu aliyechoka, akachuchumaa.

"Mjomba kasema nini?"

"Nilipompigia tena kasema kwanza iwashwe ipate moto kidogo. Halafu ile skrubu ya kabureta izungushwe polepole, nusu ya nusu. Nikamuuliza, kulia au kushoto? Akasema kabureta zinatofautiana, ya huyu ukifungua unaongeza mafuta, ya yule unaongeza hewa. Tusifuate mkono, tufuate sikio. Itapanda mlio, itapanda, itafika mahali itulie. Hapo ndipo."

Walifanya hivyo. Uweso alishika bisibisi, Nasra akawa sikio, kama alivyoagiza mjomba. Aliinama karibu na injini, macho amefumba, mtandio ameufunga nyuma usije ukanaswa.

"Zungusha. Zungusha. Hapana, inalegea, rudi. Upande mwingine. Eeeh. Tena kidogo. Tena... Subiri! Usiguse!"

Mlio ulikuwa umebadilika. Ule ukavu wake, ile sauti ya kugombana, ilikuwa imeondoka. Pikipiki ilisimama inanguruma sawasawa, kama paka aliyekula. Hata Uweso alitabasamu. Maha alitoka ndani akaanza kucheza kwa ule mlio, na bibi yake akampigia makofi.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, Nasra alijitanda, akapanda nyuma, wakatoka kwenda kuijaribu. Walipita kijiweni wananyoosha shingo kama maharusi. Walifika kwenye kalavati. Uweso akazungusha mshiko kuongeza moto, pikipiki ikapanda, ikapanda, na Nasra akaanza kuhisi joto likimpanda kwenye shavu la mguu. Kwanza joto la kawaida. Kisha si la kawaida. Kisha harufu. Katikati ya Shukashuka mlio ukakohoa, ukakata.

"Shuka, mke wangu," alisema Uweso kwa sauti ndogo.

Akashuka. Kijiwe kilijitia kutazama pembeni kwanza, kwa kuwa mke wa mtu ni mke wa mtu. Kisha Zubeiri akashindwa kujizuia.

"Jamani! Leo birika limemchemkia mwenye nyumba!"

Ikabidi Nasra ateremke kwa miguu mbele ya macho yote yale, mumewe nyuma yake na pikipiki inalia tik, tik, tik. Alitamani ardhi ipasuke. Alikumbuka leso na bangili ndani yake, na uso wa mama yake. Walipoingia uani aliufunga mlango wa makuti.

"Uweso," alisema, na hakumwita Baba Maha. "Ile skrubu tumeifungua. Mlio niliusikia mwenyewe, ulikuwa mzuri. Ikiwa imesimama ni nzuri, ikipanda inakufa njaa. Kuna kitu kingine umekibana. Nini?"

Uweso alifuta mikono yake kwenye suruali, ikawa safi, akaendelea kuifuta.

"Sindano," alisema mwishoni.

"Sindano gani?"

"Iko ndani ya kabureta. Ndiyo inayopandisha petroli ukiongeza moto. Ina vijino, na kibanio kidogo cha kuishikilia. Niliishusha mpaka mwisho. Wenzangu waligusa skrubu tu. Mimi niligusa na sindano, usiku wa kuamkia mashindano. Sikumwambia mtu. Ndiyo nikashinda."

"Na jana umeninyamazia? Umeniacha nikapande nyuma nikaumbuke?"

"Nilidhani skrubu itatosha."

"Kwa nini, Uweso? Mashindano yalikwisha. Walikubeba, wakakushusha. Kwa nini uliendelea kubana? Umebana pikipiki, umebana mafuta ya kupikia, sabuni tunakatiana kwa uzi! Mpaka chai ya mama unahesabu sukari. Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mkono wako!"

Aliyasema kwa nguvu hata kuku wakatawanyika. Kisha sauti ikamshuka.

"Harusi ya Shahd, mtoto wa jirani. Nilikuona. Wenzako wananyoosha mikono, wewe umeingiza wako kwenye mtandio. Toka siku ile kila tone ninalobana nasema, hili ni la bangili. Nitamrudishia mkono wake. Nikaona kila kitu nikibane, kitatimia upesi."

Nasra alitaka kukasirika zaidi, maana hasira bado ilikuwepo, nyingi tu. Lakini machozi yalimtangulia. Alikaa kwenye gogo la kukatia kuni, akalia, akacheka, akalia tena. Bi Sabiha, aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni, akatoka na birika la chai.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Wangu amechuma kwa mapenzi, lakini janga ni janga. Mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Injini nayo utaidai kazi na hujailisha? Kunyweni chai. Nimetia sukari, na sikuihesabu."

*

Ijumaa, kulipopambazuka, walizima jiko, wakafunga koki ya petroli chini ya tangi, wakatandika gunia safi uani. Uweso aliifungua kabureta kwa juu, akaitoa sindano taratibu, nyembamba, inang'aa. Kibanio kilikuwa kwenye kijino cha juu kabisa, kama alivyokiweka mwenyewe. Alikiteremsha mpaka katikati ili sindano ikae juu zaidi, petroli ipate njia. Kile kibanio kilimponyoka mara moja, wote wanne, na Maha akiwemo, wakapiga magoti mchangani kukitafuta. Bi Sabiha ndiye aliyekiona, yeye ambaye kila siku hulalamika haoni tundu la sindano ya kushonea.

Wakarudisha kila kitu. Wakaiwasha, Nasra akaisikiliza tena, skrubu ikaguswa kidogo tena. Kisha Uweso akaenda peke yake upande wa Kigombe, ambako hakuna kijiwe wala Shukashuka, akarudi. Walisubiri ipoe, wakatoa plagi. Nasra aliishika kwa kitambaa. Pembeni bado ilikuwa na weupe wa zamani, lakini pale kwenye ncha ilikuwa imeanza kuiva, rangi ya kahawia, ile ile ya kashata.

"Ile ni safari tupu," Uweso alisema. Alikuwa anaogopa kufurahi. "Hukuwepo nyuma. Na mlima hatujapanda."

"Basi tuupande sasa hivi."

"Hapana. Sitakushusha pale mara ya pili. Wallahi sitakushusha."

Mabishano hayo hayakumalizika, kwa maana adhana iliwakuta hapo, na baada ya sala ya Ijumaa Marwan alifika.

Aliletwa na Zubeiri, nyuma ya pikipiki yake, na Zubeiri hakuondoka. Aliona hapa pana sinema. Marwan alikuwa mtu wa mwili hasa. Kanzu yake nyeupe ilipigwa pasi ikasimama, na kiti cha plastiki alichopewa kililia alipokikalia. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, mwenye bei mbaya. Alikula bajia mbili, akazisifu, akaizunguka pikipiki, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kibiashara.

"Injini imeungua hii, yakhe. Mimi nanunua tairi na taa tu hapa. Nakusaidia."

Akataja bei. Bi Sabiha akavuta pumzi. Kwa bei ile ungenunua mbuzi, tena mwenye kikohozi. Uweso aliinamisha kichwa, na Nasra akaona kwamba bado anaweza kuitikia. Fedheha ya siku nyingi humzoesha mtu kuitikia.

"Sheikh Marwan," alisema Nasra, "samahani. Mtu akinunua kanzu huivaa kwanza. Hii unainunua hujaipanda?"

"Nipande mimi?" Marwan alicheka. "Bi Nasra, hiyo ilishindwa kukubeba wewe uliye kama unyoya. Nimeshaambiwa."

Zubeiri alitazama pembeni.

"Ukishushwa Shukashuka, ichukue kwa bei hiyo hiyo," alisema Nasra, "tena nusu yake tu ulipe."

"Mama Maha!" Uweso alishtuka.

Nasra alimgeukia. "Umeilisha, Baba Maha. Sasa iache ifanye kazi."

Marwan alikuwa mtu wa kupenda mchezo. Alikunja kanzu, akapanda, na pikipiki ikabonyea mpaka bati la nyuma likakaribia kugusa tairi. Uweso akapiga kiki. Ikawaka. Wakatoka.

Nasra hakutoka barabarani. Alisimama uani, mkono mmoja umeshika mlango, akasikiliza. Mlio ulipita kijiweni, na wale vijana wakapiga miluzi, ukafika kwenye kalavati, ukaanza kupanda. Ulikuwa mzito, mnene, haukuwa na ule ukavu. Ulipofika katikati, pale mahali penyewe, Nasra alifumba macho. Ukapita. Ukapanda. Ukafika juu kwenye mkonge. Halafu ukakata.

Kimya.

"Ohoo!" alisema Zubeiri, lakini hakucheka sana. Aliuona uso wa Nasra. Bi Sabiha alikaa chini, akaanza kusoma. Basi, Nasra alijiambia. Basi, nimeiuza mwenyewe, tena kwa nusu.

Kisha, mbali, juu kule, pikipiki ikawaka. Ikawaka kwa kiki moja, injini ikiwa bado ya moto, kitu ambacho kwa mwezi mzima ilikuwa haijawahi kufanya.

Iliteremka ikageuza, ikaupanda mwinuko mara ya pili, kisha ikarudi nyumbani. Marwan alishuka jasho linamtoka, lakini si la injini, la furaha. Alinyanyua kanzu yake, akaigeuza pindo mbele ya watu wote. Ilikuwa nyeupe, haijababuka popote.

"Nilimwambia azime kule juu," alisema. "Pikipiki iliyochemka haiwaki tena hapo hapo, hilo nalijua, ndiyo kazi yangu. Nikasema, hebu nione. Ikawaka! Nikamwambia turudie. Ikapanda tena, na mimi huyu nyuma! Yakhe Uweso, umeifanya nini?"

"Nimeipa chakula," alisema Uweso.

"Naongeza bei."

Uweso alifuta taa ya pikipiki kwa mkono wa shati.

"Naongeza tena. Mara mbili ya ile. Naiuza nzima hii, siifungui."

Uweso alivua kofia yake ngumu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze, alisimama wima uani kwake. "Muulize mwenyewe," alisema. "Pikipiki ilitoka mkononi mwake."

Wote wakamgeukia Nasra.

"Haiuzwi, Sheikh," alisema Nasra. "Lakini bajia zipo."

Bi Sabiha akaachia kigelegele kilichosikika mpaka kijiweni. Marwan alijitupa kitini akicheka, mpaka kile kiti cha plastiki kikavunjika mguu, akakilipia, na akala bajia zote zilizobaki kwenye sinia. Alipoondoka, hakurudi na Zubeiri. Alimtaka Uweso ampeleke mjini, mpaka mlangoni kwake.

Zubeiri alibaki amesimama, anazungusha ufunguo kidoleni. Alikohoa.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeomba maji kwa aliyemtukana. "Na yangu je? Siku hizi nayo... inanipandia joto kidogo."

"Kidogo?"

"Ina joto, shemeji. Nisamehe."

"Iache ipoe," alisema Nasra. "Kisha nenda kalete bisibisi. Na waambie na wenzako, wote mliobana. Ila kila mmoja atashika bisibisi yake mwenyewe. Mimi nasikiliza tu."

Walikuja. Jioni ile uani kwa Bi Sabiha palikuwa na pikipiki kushinda kijiweni, na mabingwa wote wa kubana walikuwa wamechuchumaa wanafungua, huku Nasra anapita katikati, macho amefumba, anasema, "Rudi. Rudi. Hapo, usiguse."

*

Jumapili walikwenda Moa kumshukuru mjomba. Nasra alipanda nyuma, amebeba kashata za karanga zilizofungwa kwenye gazeti. Uweso alijaza tangi mpaka juu, akafunga kifuniko, na hakulitikisa.

Kijiwe kizima kilikuwa pale kando ya kalavati, na kiligeuka kuwatazama walipokaribia, kwa mazoea tu, maana hapo ndipo Nasra angetakiwa ashuke. Pikipiki ikaanza kupanda. Hakuna harufu. Shavu la mguu wake lilikuwa na joto la kawaida, la chombo kinachofanya kazi. Walipofika katikati ya Shukashuka, kule chini Zubeiri akasimama juu ya kiti cha pikipiki yake, akapiga honi, na wenzake wote wakafuata, barabara ikajaa honi.

Nasra akautoa mkono wake kwenye mtandio, ule wa kulia, uliokuwa wa bangili. Ulikuwa mtupu mpaka kwenye kiwiko. Akaunyanyua juu, mbele ya watu wote, akawapungia, na hakuushusha mpaka walipofika kwenye mkonge.